Muhonja na Ngoma Kubwa ya Nehemiah

Katika nyumba ya Mwalimu Muhonja, matangazo ya vifo yakianza redioni, hakuna anayeruhusiwa kuzungumza. Mgeni aliye katikati ya kisa hukatizwa kwa mkono ulioinuliwa, naye hungoja na chai yake ikipoa hadi mtangazaji amalize jina la mwisho, la mtu wa Taita au Turkana ambaye hapo nyumbani hakuna anayemfahamu. Sisi tunaofundisha naye katika shule moja ya wasichana mjini Kakamega tulidhani mwanzoni kwamba ni ucha Mungu. Tulimtania kwamba mwalimu wa Kifaransa, anayewafundisha wasichana kuimba na kutembea kama waoka mikate wa Paris, ana roho ya mzee wa kanisa. Alicheka pamoja nasi. Tulipozoeana ndipo aliponisimulia sababu yake, na akaniruhusu niiandike kwa sharti moja: nisimfanye mwema kuliko alivyokuwa.

Baba yake alikuwa mkata miwa upande wa Ekero, na mara nyingi hakuwa nyumbani. Kwa hiyo Muhonja alilelewa Shinyalu na Mzee Nehemiah, ndugu mdogo wa babu yake, na mke wa mzee huyo, Roda, ambaye Muhonja alimwita kukhu, yaani nyanya. Nehemiah alikuwa mpigaji wa isukuti. Ngoma hizo huwa tatu na huhesabiwa kama watu wa nyumba moja: kubwa ni baba, ya kati ni mama, ndogo ni mtoto. Zote huwambwa kwa ngozi ya kenge, na ngozi hiyo hulegea ikipata baridi, hivyo kabla ya kupigwa lazima zipashwe moto wa nyasi kavu. Kila palipokuwa na msiba katika vijiji vile, Nehemiah aliitwa. Alifika na ngoma kubwa ikining'inia begani, wanawe Andati na Willis wakiwa nyuma na zile mbili, na watu wakasema sasa marehemu anaweza kuondoka.

Muhonja alipata nafasi ya chuo kikuu jijini Nairobi mwaka wa 1990. Kifaransa alikuwa amekianza sekondari, akakipenda kwa sababu hakikuwa na uhusiano wowote na miwa. Mwaka wake wa tatu aliingia katika somo la Mwalimu Kibiwott, mtu mrefu kutoka Nandi aliyekuwa amesoma Ufaransa miaka mingi na kurudi na koti moja tu la baridi. Kibiwott alifundisha lugha na utamaduni kupitia sanaa. Alizima taa za darasa, akawaonyesha ukutani picha za wachoraji, na kila mwanafunzi alitakiwa aingie ndani ya picha moja, achague mtu, asimame kama yeye, kisha aseme kwa Kifaransa ni nini kinachomwuma. Aliwafundisha nyimbo kabla ya sarufi. Aliwatengenezesha vikaragosi vya matambara na kuvigombanisha katika soko la kuigiza. Muhonja aliniambia kwamba kwa mara ya kwanza maishani alihisi kwamba masomo yake yalikuwa na mikono na miguu.

Mwisho wa mwaka wa 1993 darasa lilitakiwa kuandaa mchezo wa kuigiza wao wenyewe, kwa Kifaransa. Wageni wa ubalozi wangehudhuria, na mwanafunzi atakayefanya vizuri kuliko wote angepelekwa Ufaransa kwa likizo nzima. Kibiwott aliwaambia wasilete Paris ya kuiga. Kifaransa kinasemwa Dakar na Kinshasa, alisema, na watu wa huko huingia nacho pamoja na ngoma zao. Muhonja ndiye aliyependekeza kisa: mpiga ngoma mzee anafariki, na kijiji hakijui atazikwaje, kwa kuwa aliyekuwa akiwapigia wafu ni yeye. Muhonja aliandika sehemu kubwa ya maneno, naye akapewa nafasi ya binti wa marehemu. Marehemu alikuwa Kipchirchir, kijana mcheshi wa darasa lao, aliyesema hiyo ndiyo kazi aliyozaliwa kuifanya, kulala.

Walihitaji ngoma. Muhonja alisafiri hadi nyumbani kuiomba.

Nehemiah hakupenda. Ngoma hazitengani, alisema, na hazitoki nyumbani bila msiba. Roda ndiye aliyemtetea Muhonja, akisema mtoto asome na vya kwao, mbona wengine wanasoma na vya wazungu. Hatimaye mzee akaifunga ngoma kubwa ndani ya gunia kwa mikono yake.

"Huko chuoni mna redio?" aliuliza.

"Tuko nayo, babu."

"Basi usikilizange matangazo. Ukisikia mtu wa huku ametangulia, hata kama mko katikati ya wimbo, uifunge uje. Watu hawazikwangi bila baba."

Muhonja alicheka kidogo kwa jinsi alivyosema, kisha akaahidi. Mama na mtoto zilibaki zimening'inia ukutani.

Alhamisi kabla ya mchezo, Muhonja alikuwa peke yake katika chumba cha kupigia pasi bwenini, akinyoosha gauni jeusi la binti wa marehemu. Redio ya mpishi ilikuwa dirishani. Matangazo yalisomwa kama kila jioni, na yeye alikuwa akisikiliza kwa sikio moja. Kisha akasikia Shinyalu, wilayani Kakamega. Akasikia Mzee Nehemiah, mume wa Roda, baba yao Andati na Willis. Maziko yangefanyika Jumamosi nyumbani kwake. Mwisho mtangazaji akasoma, kwa sauti ileile isiyopanda wala kushuka: "Habari zimfikie mjukuu wake Muhonja, aliye chuo kikuu Nairobi. Anaombwa afike haraka na mzigo wa babu yake."

Aliinua pasi kwa sababu gauni lilianza kutoa harufu ya kuungua. Jambo hilo analikumbuka: aliliokoa gauni.

Angeweza kusafiri Ijumaa asubuhi na kufika salama. Alilijua hilo pale pale. Alijua pia kwamba akimwambia Kibiwott, mwalimu yule angeahirisha mchezo bila kufikiri mara mbili, na wageni wangeondoka, na Ufaransa ingeondoka nao. Kwa hiyo hakumwambia. Alijiambia kwamba mzee amekwisha kufa, kwamba nyumbani kuna ngoma nyingine mbili, kwamba hata yeye mzee angetaka asome. Alilala akiyarudia maneno hayo, na asubuhi akaenda mazoezini.

Jumamosi ukumbi ulijaa. Moto ulikuwa umekatazwa ndani ya jumba lile, na nje kulikuwa na mawingu, hata jua la kuianika halikuwapo, kwa hiyo ngoma haikupashwa. Kijana wa Bungoma aliyeipiga alilalamika kwamba ngozi imelegea. Ilitoa sauti nzito iliyokufa haraka, kama kugonga mfuko wa mahindi. Wageni hawakujua tofauti, walipiga makofi. Katika onyesho la mwisho Muhonja alipiga magoti kando ya Kipchirchir, aliyekuwa amefunikwa shuka, akasema kwa Kifaransa sentensi aliyoiandika mwenyewe miezi miwili nyuma: "Nani atampigia ngoma huyu, aliyetupigia sisi sote?"

Alilia kweli. Kibiwott, aliyekuwa kando ya jukwaa, alilia pia, na baadaye akamshika mabega na kumwambia kwamba miaka yote ya kufundisha alikuwa akingoja kuona kilio kama kile. Muhonja alitamani ardhi impasukie.

Zawadi alipewa Kipchirchir. Wageni walisema hawajawahi kuona mwigizaji anayeweza kutulia namna ile. "Jamani, nimeshinda kwa kulala," Kipchirchir alisema, na darasa zima lilicheka hadi likachoka.

Muhonja alifika Shinyalu Jumapili alasiri na gunia begani. Vijana walikuwa wakirudisha viti vya kanisa. Udongo wa kaburi ulikuwa bado mwekundu na wenye unyevu. Aliambiwa kwamba walimngoja hadi jua lilipoanza kuinama, kisha Willis akapiga ngoma ya mama na jirani mmoja ile ya mtoto, na mzee akateremshwa bila baba.

Willis ndiye aliyemwuliza kwanza, mbele ya watu. "Ulikuwa wapi?"

Kabla hajajibu, Roda alijibu kwa niaba yake. "Hakusikia. Huyu angesikia, angekuja hata kwa miguu."

Hapo macho yote yaligeuka, yakamwacha Muhonja na kumwendea Andati. Andati, kifungua mimba, ndiye aliyetumwa mjini na ada ya tangazo na jina la kila mtu anayestahili kutajwa. Katika nyumba ya matanga redio haifunguliwi, na majirani wote walikuwa hapo matangani, kwa hiyo hakuna hata mmoja aliyelisikia tangazo hilo likisomwa. Muhonja peke yake ndiye aliyekuwa mbali. Kama yeye hakusikia, basi halikusomwa. Na kama halikusomwa, ni kwa sababu Andati hakulipeleka. Kila mtu alijua kwamba Andati alipenda busaa, pombe ya kienyeji.

"Nililipeleka," Andati alisema. "Naapa kwa huyu aliyelala hapa."

"Ulilipeleka kilabuni kwa mama pima," Willis akamjibu.

Watu wengine walicheka, kicheko kile cha msibani kinachotoka puani. Muhonja alifungua kinywa. Wakati huohuo Roda alimkumbatia, na maneno yake yakaishia begani mwa yule mama. Alipoachiliwa, Andati alikuwa ameshaondoka.

Jioni hiyo Roda alimwuliza kama ngoma ilipigwa huko Nairobi. Alisema ndiyo. Lini? Jumamosi. Ilimpigia nani? Muhonja akaeleza mchezo ulivyokuwa: mzee mpiga ngoma amefariki. Roda alisimama, akaweka mikono kichwani, na uso wake ukafunguka kama wa mtu aliyetuliwa mzigo. Basi alizikwa na baba, alisema. Mungu aliifunga redio makusudi, ngoma ikapigwa mbali, na Nehemiah akaisikia. Jumapili iliyofuata alilisimulia jambo hilo kanisani akiwa amevaa sare yake ya kina mama, na mhubiri akalichukua na kulipeleka makanisa mengine. Baada ya mwezi mmoja Muhonja alikuwa muujiza.

Hivyo ndivyo alivyofungwa. Akisema kweli, angemnyang'anya mjane faraja yake. Akinyamaza, Andati angebaki mwizi wa tangazo la kifo cha baba yake mwenyewe. Alinyamaza, akamaliza shahada yake, na mwaka wa 1995 akaajiriwa kufundisha Kakamega.

Darasani alikuwa mwalimu mzuri, na hilo si upendeleo wangu kama rafiki. Alifundisha kama alivyofundishwa: picha, nyimbo, vikaragosi, wasichana wa Lugari na Mumias wakigombana kwa Kifaransa juu ya bei ya samaki wa matambara. Kitu kimoja tu hakukikubali. Msichana aitwaye Christine alipoandika mchezo wenye mazishi, Muhonja aliusoma wote, akausifu, akamwomba abadilishe iwe harusi. Christine aliuliza kwa nini. Muhonja akamwambia harusi ina nyimbo nyingi zaidi.

Andati wakati huo alikuwa Buyangu, akifyeka vijia vya watalii msituni. Nyumbani alikuja kwa nadra. Hakuguswa na mtu, ila hakutumwa tena popote, na hakuna aliyemwomba apige ngoma, ingawa kwa desturi ngoma ya baba ni ya kifungua mimba. Mara mojamoja Muhonja alikutana naye sokoni. Andati alimpungia kutoka mbali. "Mama Ufaransa! Wazungu wako hawajambo?" Siku moja, wakinunua mboga pamoja, alimwambia bila kumtazama, "Unajua, katika watu wote wa kwetu, wewe peke yako hujawahi kunitukana kwa ile maneno ya redio. Na wewe ndiye ungekuwa na haki." Muhonja alirudi nyumbani akiwa ameacha mboga zake kwa muuzaji.

Mwezi wa Novemba mwaka huohuo Roda alimwita. Makumbusho ya mzee yangefanyika Desemba, kwa maturubai na kwaya na fahali wa kuzungushwa kaburini. Siku hiyo ngoma kubwa ingekabidhiwa mrithi, na familia ilikuwa imeamua ni Willis. Roda alitaka Muhonja asimame kabla ya kukabidhi, awasimulie wageni jinsi ngoma ilivyompigia mzee kutoka Nairobi, kisha yeye mwenyewe ndiye ampe Willis. Wakati wa kusema hayo Roda alikuwa akichambua majani ya mrenda, na vidole vyake havikusimama. Muhonja alianza, "Kukhu, kuhusu siku ile," naye Roda akasema siku ile ndiyo hiyo atakayoisema mbele ya watu, asiimalize hapa jikoni.

Jumamosi moja kabla ya makumbusho alikwenda Buyangu, akamkuta Andati na panga lake kwenye kijia. Alimwomba afike nyumbani siku hiyo. Andati akacheka, akasema haendi kumtazama mdogo wake akivishwa ngoma. Muhonja alimwambia kuna jambo anataka alisikie kwa masikio yake. Andati akamtazama vizuri kwa mara ya kwanza, akafuta panga kwa jani, akasema ataona.

Alikuja. Alisimama nyuma kabisa, kando ya uzio, kama mtu anayepita njia.

Kwaya ilipomaliza, Muhonja aliitwa. Gunia lilikuwa miguuni pake, ngoma ikiwa juu yake. Wanawake wa kanisa walianza kuitikia kabla hajasema, kwa kuwa kisa walikijua. Alisema kwamba katika darasa lake chuoni alifundishwa kusimama mahali pa mtu mwingine na kusema kinachomuuma, lakini leo anataka kusimama mahali pake mwenyewe.

"Nilisikia," akasema.

Willis alidhani amekosea. "Ulisikia nini?"

Akalirudia tangazo lote, jina kwa jina, kama lilivyosomwa, hadi mzigo wa babu yake. Alisema Andati alilipeleka, nalo lilisomwa, na yeye alilisikia siku ya Alhamisi akanyamaza kwa sababu alitaka kwenda Ufaransa. Hakulia. Machozi yake, aliniambia, aliyamaliza siku ile jukwaani, na hakutaka kuwalipa watu hao kwa machozi ya aina ileile.

Mhubiri alitazama viatu vyake. Roda, kwenye kiti cha mbele, aliuliza polepole, "Na Jumamosi, sisi tukikungoja, ulikuwa unacheza mchezo?"

"Ndiyo, kukhu."

"Ukijua."

"Nikijua."

Andati alikuwa amesogea kutoka uzioni bila watu kumwona, akawa amesimama katikati ya viti.

"Jina lako walilisoma vizuri?" alimwuliza Muhonja.

"Vizuri sana, baba mdogo."

"Nililirudia pale dirishani," Andati alisema. "Yule karani wa matangazo nilimwambia, andika kwa herufi kubwa, huyu mtoto asije akakosa kusikia." Akajipangusa uso kwa kiganja. Hakuna aliyecheka.

Wazee waliinamiana. Lakini Roda hakuwangoja. Alimwambia Willis achukue ngoma, ampelekee kaka yake. Willis aliinuka, akaibeba kwa mikono miwili hadi alipokuwa Andati, na akabaki amesimama mbele yake hadi Andati alipomwondolea mzigo mikononi.

Muhonja aliambiwa akae. Aliketi kwenye benchi lililokuwa tupu, na hakuna aliyekuja kuketi naye.

Andati hakuharakisha. Aliwasha nyasi kavu nyuma ya nyumba, akaigeuza ngoma juu ya moto, akaigonga kwa kidole, akasikiliza, akairudisha motoni. Alipokuja kaburini Willis alikuwa amevaa ngoma ya mama. Baba ilipoanza, wageni waliokuwa wamekaa wakiwa na aibu ya kutazamana waliinuka mmoja mmoja. Sauti ilikuwa kavu na kali, ikigonga kifua kabla ya kufika masikioni. Fahali alivuta kamba. Roda alilizunguka kaburi mara moja peke yake, kisha akatoka kwenye duara na kuja hadi lilipo benchi.

"Kule Nairobi," aliuliza, "ililia hivi?"

Lilikuwa jambo dogo la kumpa. Muhonja aliniambia kwamba alilishika mdomoni kwa muda, lile ndiyo moja tu ambalo lingembakizia mjane angalau kipande cha muujiza wake.

"Hapana, kukhu. Hatukuwa na moto wa kuipasha."

Roda aliitikia kwa kichwa taratibu, kama mtu anayeambiwa jambo la kawaida la jikoni. Akageuka kuelekea kaburini. Kisha akaketi kwenye lile benchi, akaacha nafasi ya mtu mmoja kati yao, wakasikiliza.